Kiyoyozi cha dari kwa duka la dawa: kaseti, cha kuning'inia, au viwili vya ukutani?

Mfamasia wa Temeke

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaandaa duka la dawa katika ghorofa ya chini ya jengo moja hapa Temeke, Dar es Salaam, na ningependa kupata mawazo ya mafundi na ya watumiaji kabla dari haijafungwa, kwa sababu ikishafungwa kila badiliko litakuwa ni kubomoa. Chumba kina upana wa mita 5 na urefu wa mita 7. Mbele ni kioo kitupu kinachotazama magharibi, pembeni ni kuta tunazochangia na majirani, na nyuma ni ukuta wa nje unaopakana na uchochoro ambako mashine ya nje inaweza kukaa. Slabu iko mita 3.1 kutoka sakafuni, na katikati ya chumba, kutoka ukuta wa jirani mmoja hadi wa mwingine, inapita boriti ya zege inayoshuka sentimita 30 chini ya slabu. Nimekusudia dari ya jipsamu iwe katika kimo cha mita 2.7.

Kuta mbili za pembeni zitajaa rafu za dawa. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na baadhi chini ya nyuzi 25, na mnaifahamu hali ya Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi. Nimeshauriwa mambo matatu tofauti na watu watatu tofauti: kaseti moja (kiyoyozi cha mraba kinachozama ndani ya dari) katikati ya dari, kiyoyozi kirefu cha kuning'inia chini ya dari, au viyoyozi viwili vya kawaida vya ukutani. Naomba tulinganishe.

Fundi Baridi

Ahsante kwa kutoa vipimo kamili, ndugu, maana bila vipimo tungekuwa tunabahatisha.

Nianze na ukubwa. Hesabu ya haraka ni BTU 600 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kila mita ya mraba, nayo kwa mita za mraba 35 inatoa BTU 21,000. Hata hivyo una kioo kinachopigwa na jua la alasiri, mlango utakaofunguliwa kutwa, na bila shaka majokofu ya chanjo na insulini yatakayokuwa yakitoa joto humohumo ndani. Kwangu mimi BTU 24,000 ndicho kiwango cha chini, na usipoweka pazia au karatasi ya kuzuia jua kwenye kioo, fikiria kupanda zaidi.

Kaseti nyingi za ukubwa huo zina mwili wa mraba wa sentimita 84, kimo cha kati ya sentimita 20 na 30, na uso unaoonekana chini wa sentimita 95. Kati ya slabu na dari yako kuna sentimita 40, kwa hiyo mwili wenyewe utaingia bila shida, mradi usikae chini ya boriti. Huning'inizwa kwa vyuma vinne vya milimita 10 vyenye hesi mwili mzima, ili nati zipande na kushuka juu yake mpaka mashine ikae sawa kwa pimamaji pande zote. Dari ya jipsamu haibebi kitu chochote hapo; uzito wote uko kwenye slabu.

Kinachoamua ni maji. Kiyoyozi cha BTU 24,000 katika unyevu wa pwani kinaweza kutoa lita 2 hadi 3 za maji kwa saa, na maji hayo lazima yafike kwenye uchochoro. Kaseti ina pampu ndogo ndani yake inayoyanyanyua, mara nyingi kwa sentimita 60 au 70 hivi, kisha bomba linatakiwa lishuke sentimita 1 kwa kila mita mpaka nje. Ukiiweka kaseti upande wa mbele, bomba litalazimika kuivuka boriti, na chini ya boriti umebakiwa na sentimita 10 tu kabla ya kukutana na jipsamu. Bomba la milimita 32 pamoja na sponji yake huchukua karibu sentimita 6. Zinabaki 4, ambazo ni mteremko wa mita 4. Kutoka kwenye boriti hadi ukuta wa nyuma una mita 3 na nusu. Linapita, lakini fundi wa dari akishusha chaneli zake kwa sentimita 1 tu mahali pasipofaa, mteremko umekwisha na maji yatasimama katikati ya bomba. Wala asikwambie mtu kwamba ataitoboa boriti kupitisha bomba. Boriti ya zege haitobolewi bila ruhusa ya mhandisi wa jengo.

Ningekuwa mimi, ningefunga cha kuning'inia kwenye ukuta wa nyuma, kikitazama mbele. Maji yake hushuka yenyewe, yanapenya ukutani na kutoka nje papo hapo.

Bint Kisauni

Naunga mkono hesabu ya maji, lakini naomba kuitetea kaseti, kwa sababu ninafanya kazi katika ofisi iliyofungwa kaseti hapa Mombasa na nimeona tofauti yake. Kiyoyozi kinachopuliza kutoka upande mmoja huufanya upande wa karibu uwe baridi kupita kiasi huku upande wa mbali, ambao kwako ndio wenye kioo, ukibaki na joto. Kaseti hupuliza pande nne kutoka katikati na kuvuta hewa kwa chini yake, kwa hiyo rafu za kulia na za kushoto zitapata hali inayolingana. Kwa dawa, kulingana huko kuna maana kubwa kuliko ilivyo kwa sisi tunaokaa ofisini.

Hakuna ulazima wa kuiweka upande wa mbele. Ikiwekwa nyuma ya boriti, karibu mita 2 kutoka ukuta wa uchochoro, bomba la maji halitavuka boriti kabisa. Dari yenyewe inakuja chini ya boriti, kwa hiyo upepo utapita bila kizuizi mpaka kwenye kioo. Upande unaoelekea ukuta wa nyuma unaweza kuzibwa kwa kipande maalumu ili upepo mwingi uende mbele. Kaseti nyingi zinaruhusu jambo hilo.

Fundi Baridi

Dada, umesema la maana, na nafasi hiyo uliyoitaja ni bora kuliko katikati. Ila upepo wa kaseti hutoka ukiwa umelala sambamba na dari na hupungua nguvu mapema. Kutoka hapo hadi kwenye kioo ni mita 5. Cha kuning'inia hupuliza kwa nguvu moja kuelekea mbele na kwa ukubwa huo mita 7 si tatizo kwake. Hofu ya upande mmoja kuwa baridi zaidi ni ya kweli, nami siikatai. Nadhani chumba hiki, kwa sababu ni chembamba na kirefu, kinaipunguza.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalioni siku ya kununua. Kaseti ikifungwa kwenye dari ya jipsamu isiyofunguka, pembeni yake, upande wa mabomba, lazima pawe na kifuniko cha kuingilia cha angalau sentimita 45 kwa 45. Maungio ya mabomba ya shaba yako huko. Pasipokuwa na kifuniko, siku gesi ikivuja kwenye nati, fundi ataikata jipsamu yako kwa msumeno. Kwa dari ya vigae vya kuweka na kutoa, vile vya sentimita 60 kwa 60, tatizo hilo halipo, na kama bado hujanunua jipsamu ningekushauri ulifikirie hilo.

Mzee wa Ruwi

Assalaam alaykum. Nimeishi Muscat kwa miaka mingi nikisimamia majengo ya kupangisha, na huku kiyoyozi hakizimwi kuanzia Mei hadi Septemba, kwa hiyo naomba niseme juu ya kinachotokea baada ya fundi kuondoka.

Pampu ya kaseti ikikatika au ikizibwa na ute, maji hujaa kwenye sinia lililo chini ya koili, yaani mabomba baridi yanayopoza hewa. Kuna swichi inayoelea ndani yake ambayo huzima ubaridi kabla maji hayajamwagika, na hilo ni jema, ila maana yake ni kwamba duka lako litabaki na joto mpaka fundi aje. Ute huo ni kitu cha kawaida kabisa: ni vumbi lililochanganyika na unyevu, laini, la kijivu, linalonuka kidogo, na huota mahali popote maji yanaposimama. Kaseti inahitaji mtu wa kupanda ngazi katikati ya duka, afungue uso wote, aushushe taratibu bila kukata waya wa mota za mapezi yanayoelekeza upepo, kisha alitoe sinia na kulisafisha. Kwa duka la dawa hiyo ni kazi ya usiku, baada ya kufunika kila kitu kwa nailoni. Kichujio peke yake ni rahisi. Hutoka kwa kubonyeza vifungo viwili na huoshwa kwa maji.

Kwa hivyo mwanangu, kabla hujachagua, muulize fundi wako ni nani atakayelisafisha sinia hilo, na kila baada ya miezi mingapi.

Umeme na Nyaya

Shikamoo mzee wa Ruwi. Mimi nitazungumzia chaguo la tatu, ambalo naona limeachwa nyuma, yaani viyoyozi viwili vya ukutani vya BTU 12,000 kila kimoja.

Faida yake kubwa kwa duka la dawa ni kwamba kimoja kikiharibika Jumamosi jioni, kingine kinaendelea kufanya kazi na joto halitapanda haraka. Kila kimoja kinakuwa na saketi breka yake. Kikihitajika kuendeshwa kwa jenereta wakati umeme umekatika, kimoja chenye inveta, yaani kinachobadilisha kasi ya kompresa, huanza taratibu na hakiishtui jenereta ndogo, ilhali kiyoyozi cha BTU 24,000 kinaweza kuvuta zaidi ya kilowati 2 na hutaki kukiunganisha pamoja na majokofu ya insulini kwenye jenereta ya kilowati 3.

Kasoro ni ukuta. Kuta za pembeni zina rafu, na maji ya kiyoyozi kilichofungwa huko hayawezi kutokea kwa jirani. Ingebidi yasafiri kwa bomba refu juu ya rafu za dawa, jambo ambalo kwa maoni yangu halikubaliki, kwa kuwa tone moja likidondoka kwenye boksi la vidonge mzigo umeharibika. Vyote viwili vitalazimika kukaa ukuta wa nyuma, bega kwa bega, na hapo vitapuliza kama kimoja tu huku nguvu ya kufika mbele ikiwa ndogo.

Chochote utakachochagua, usikichukulie umeme kwenye soketi. Kipitishiwe waya wake kutoka kwenye bodi, wa milimita za mraba 4 kwa kile cha BTU 24,000, na uweke kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika chache baada ya umeme kurudi ili kompresa isianze ikiwa bado na msukumo.

Mfamasia wa Temeke

Nawashukuru sana nyote. Salamu ya mzee wetu nimeiweka moyoni pamoja na swali lake, ambalo fundi wa kwanza aliyenitembelea hakuweza kulijibu.

Baada ya kusoma maelezo haya ninaelekea kwenye cha kuning'inia cha BTU 24,000 kwenye ukuta wa nyuma, pamoja na kimoja kidogo cha ukutani cha BTU 9,000 pembeni yake kitakachobaki kama akiba na kitakachoweza kuendeshwa kwa jenereta. Hoja ya Bint Kisauni kuhusu kulingana kwa baridi sijaipuuza: nitaweka vipimajoto viwili, kimoja karibu na kioo na kimoja nyuma, na rafu ya mbele itawekwa vitu visivyoathiriwa na joto, kama vile sabuni, miswaki na nepi. Nina maswali mawili. Je, cha kuning'inia kinaweza kushikwa na fremu ya jipsamu, au nacho lazima kifike kwenye slabu? Na fundi anadai kwamba kwa umbali mfupi namna hii si lazima kuvuta hewa kwenye mabomba, kwamba gesi yenyewe itaisukuma nje. Ni kweli?

Fundi Baridi

La kwanza: lazima kifike kwenye slabu. Cha kuning'inia cha ukubwa huo kinaweza kupita kilo 30, na kinatikisika kila feni inapobadilisha mwendo. Vyuma vipenye kwenye jipsamu na vishike zege. Tafadhali chunguza slabu hiyo ni ya namna gani kabla ya kununua bolti, kwa sababu majengo mengi ya sasa yana slabu iliyojengwa kwa matofali yenye uwazi ndani, na bolti ya kutanuka ikiingizwa kwenye tofali kama hilo hupasua ganda lake na kubaki inaning'inia kwa sentimita 2 za udongo. Toboa tundu dogo la majaribio. Vumbi la kijivu na keekee inayokwenda kwa uzito ni zege. Vumbi jekundu, kisha keekee ikazama ghafla, ni tofali. Ukikuta tofali, sogea pembeni mpaka upate ubavu wa zege ulio kati ya safu za matofali.

La pili si kweli, na fundi anayesema hivyo usimpe kazi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na unyevu ukibaki ndani ya bomba huchanganyika na oili ya kompresa na kuiharibu polepole. Kama kiyoyozi ni cha gesi ya R32, kuna sababu ya ziada: gesi hiyo inaweza kushika moto, hivyo haifai kumwagwa ili kusukuma hewa. Utaratibu ni kujaza naitrojeni kwanza na kuangalia geji kama inashuka, kisha kuvuta hewa kwa pampu mpaka chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani ya bomba), kufunga, na kusubiri kuona kama kipimo kinapanda. Kikitulia, ndipo gesi inafunguliwa.

Na mabomba yote mawili ya shaba yavikwe sponji kila moja peke yake, ya unene wa milimita 13 au zaidi, mpaka kwenye nati. Sehemu ndogo ikiachwa wazi, hata ya urefu wa kidole, itatoa jasho na utaona duara la kahawia kwenye jipsamu kabla msimu wa joto haujakwisha.

Bint Kisauni

Naongeza jambo moja kwa ajili ya dari. Kabla ya kufunga bodi ya mwisho, mwambie fundi amimine lita 2 za maji kwenye sinia la kiyoyozi, nawe usimame uchochoroni na ndoo. Yakitoka yote bila kusitasita, funga dari. Yakitoka nusu, mteremko urekebishwe siku hiyohiyo kabla hujamlipa.