Naomba ushauri: kumpeleka mama mkwe hotpot hapa Guangzhou

Wadau habari, wakubwa shikamooni. Mama mkwe anakuja kuchukua mzigo wa vitenge, na mume wangu kakomaa tumpeleke kwenye ile migahawa ya kulipa mara moja ukala mpaka ushibe: sufuria la supu linachemka katikati ya meza, pembeni jiko la kuchomea nyama. Bi mkubwa ni mtu wa swala tano. Supu nyingi huchemshwa na mifupa ya nguruwe, na hata sufuria lenye kizuizi katikati halinipi amani, maana koleo ni zilezile pande zote. Kibao cha qingzhen (yaani halali kwa Kichina) nakijua. Wenyeji wa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi hapa Guangzhou, upo mgahawa wa halali wenye supu na choma pamoja?

Halafu muda. Migahawa mingi ya aina hii inakupa kama saa mbili, na ukibakiza sana unatozwa. Sheria ya 2021 ya kuzuia upotevu wa chakula inawaruhusu. Mama anakula taratibu, na mkwe hahimizwi mezani! Niagize kidogokidogo? Na zile nyama nyembamba, zikae kwenye supu muda gani asije akaona wekundu akazisusa?