Yule jamaa wa maiki amenizimia filamu ya Sinners kwa sababu ya PROBOX

Mtazamaji_Kondele:
Wadau wa Kisumu, mnamjua. Msijifanye hamumjui. Jamaa anayetuonyesha filamu ukumbini, wa kofia nyeusi hata usiku, anayeshika maiki kana kwamba aliirithi kwa babu yake. Nimefika nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, mikono inatetemeka.

Ilikuwa Sinners. Nimeisubiri tangu itoke Aprili 2025. Nimekataa kuionea kwa simu, nimekataa zile kopi za flashi zenye vivuli vya watu wakienda chooni, kwa sababu nilitaka ule muziki unipige kifuani kutoka kwa spika kubwa. Mwanzo ulikuwa safi kabisa. Mwaka ni 1932, mapacha Smoke na Stack wamerudi nyumbani Mississippi, wamenunua kiwanda cha mbao, usiku wanafungua klabu yao. Halafu Sammie, binamu yao, anashika gitaa.

Mnaijua sehemu hiyo. Kijana anaimba, na wimbo unaanza kuita watu: mababu na ngoma zao, mtu wa gitaa la umeme, dijei na santuri zake, wote wanacheza ndani ya jengo moja, kamera inapita katikati yao, juu paa linawaka. Mtunzi wa muziki Ludwig Göransson amezifunga enzi zote hizo ndani ya wimbo mmoja na husikii mshono. Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa ameshasimama, mikono juu. Mimi nywele zimesimama hadi za miguu.

Na hapo hapo, HAPO HAPO, kimya. Sammie anafungua mdomo kama ngege aliyetolewa ziwani, hakuna sauti. Kisha: "Haloo, haloo. Mwenye Probox ya kijivu, umefungia watu njia. Kuja utoe gari."

Probox, yawa! Mababu wamevuka bahari na karne wakaja kucheza, wakafukuzwa na Probox!

Basi angerudisha sauti haraka? Akasoma namba ya gari. Akairudia. Akauliza kama maiki inasikika. Sauti inarudi, wimbo umekwisha, wanyonya damu wako nje wanabisha. Nikamfuata mwishoni, nikamwambia kwa heshima kabisa, kaka, ile sehemu haizimwi. Akaniangalia juu hadi chini: "Kwani umekosa nini? Ulikuwa wimbo tu, hadithi haikusonga."

Wimbo TU! Ule wimbo ndio ulioita mashetani! Bila ule wimbo hakuna filamu, kuna watu wanauza samaki wa kukaanga basi! Halafu majina yalipoanza kupanda akazima mtambo, kwa hivyo hata yule mwanamuziki Buddy Guy akiwa Sammie mzee hatukumwona. Lakini hilo naweza kulisamehe siku moja. Ile ya Probox nitazikwa nayo.

Omera_Milimani:
Probox ni yangu. Hata mimi nilikosa wimbo, nilikuwa nje napiga rivasi gizani, na nikagonga taa ya nyuma. Kwa hivyo tulia.

Mtazamaji_Kondele:
WEWE! Omera, kwa nini uliegesha langoni? Unajua Sammie alikuwa amefika wapi?

Omera_Milimani:
Sijui, nilikuwa nje.

Baba_Twins254:
Mtu mzima unatetemeka kwa sababu ya wimbo. Oa.

NaxJijini:
Hiyo yenu ni afadhali. Hapa Nakuru tulionyeshwa Oppenheimer na mtu ambaye hajaiona. Mnakumbuka bomu likilipuka filamu inanyamaza makusudi, moto unapanda bila mlio, unasikia pumzi tu? Jamaa akadhani spika zimekufa. Akapita mbele yetu na tochi, akachomoa waya zote. Mlio wenyewe ulipofika, waya ziko mkononi mwake. Göransson alipewa Oscar kwa muziki wa filamu hiyo, sisi tukapewa tochi machoni.

Mulembe_Kakamega:
Mulembe wadau. Nyinyi mna bahati, mnazimiwa dakika mbili. Huku kwetu dijei anatafsiri filamu nzima juu ya sauti. Dune: Part Two, Paul anapanda yule mnyoo wa jangwani kwa mara ya kwanza, mtunzi Hans Zimmer ameachilia vyombo vyote, na dijei anapiga kelele, "Boda ya kwenda Mumias hiyo, abiria mmoja!" Watu wakacheka mpaka mnyoo ukafika.

Baba_Twins254:
Hapo mimi ningelipa tena.

Binti_Dunga:
Kinachoniuma ni kwamba huu ni mji ulioonyeshwa Black Panther kwa shangwe Februari 2018. Huyo huyo Göransson alisafiri hadi Senegali, akazunguka na mwimbaji Baaba Maal, akarudi na sauti ya ngoma ya tama ambayo ndiyo unaisikia kila T'Challa, shujaa wa filamu, akitokea. Na ni watu wa huku wenye nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Waluo, ya mwanamuziki Ayub Ogada, ambayo ilisikika hadi kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Tukose vipi kujua thamani ya muziki wa filamu?

Mtazamaji_Kondele:
Asante dada! Sasa mwelezeni yule wa maiki! Aliisoma namba MARA MBILI!

NaxJijini:
Mji gani tena, Kisumu? Hata sisi ni jiji tangu Desemba 2021, na viti vyetu vina mito.

Binti_Dunga:
Mito ya nini, ya kulalia waya zikichomolewa?

Mulembe_Kakamega:
Na bisi kwenu ni ngapi? Huku mia, nusu yake ni mahindi ambayo hayakupasuka.

Omera_Milimani:
Hapa mia na hamsini. Zangu zilifungwa kwa karatasi ya mtihani wa Hisabati, mtoto amepata 31.

Mtazamaji_Kondele:
Wadau, tunaongea kuhusu Sinners.

NaxJijini:
31 kwa ngapi?

Omera_Milimani:
Kwa 50. Swali la saba mwalimu amemkosesha bure, jibu ni sahihi. Robo tatu ya 48 si 36?

Baba_Twins254:
Ni 36. Huyo mwalimu ni wa shule gani?