Maiki nne tu kwa dramu nzima, niziweke wapi?

Sauti_ya_Ukumbini
Wakuu, naombeni ushauri. Kwaya yetu inataka kurekodi na dramu halisi, si za kompyuta. Ukumbi ni wa bati, dari haijapigwa, sakafu ya saruji. Nina kadi ya sauti yenye matundu 4, kondensa mbili zinazofanana (maiki nyepesi kunasa sauti), SM57 moja (maiki ya kuweka karibu na ala) na maiki moja ya kiki, ile dramu kubwa ya kukanyagwa. Tomu, zile dramu za pembeni zisizo na nyuzi, zipo tatu, je zitasikika bila maiki zake? Jaribio la kwanza sneya (dramu yenye nyuzi chini) imetoka nyembamba kama debe tupu.

FundiMitambo
Zitasikika mkuu, wala vifaa vyako si vichache. Fuata mpangilio wa Glyn Johns, yule fundi Mwingereza aliyerekodi Led Zeppelin na The Who. Kondensa ya kwanza ikae juu ya sneya, kama mita 1 kutoka katikati ya ngozi, ikitazama chini. Ya pili ikae ubavuni, nje ya tomu ya chini, sentimita 15 hivi juu ya ukingo wake, ikiitazama sneya kwa kuvuka tomu hiyo.

Wengi huharibu hapa: umbali wa kondensa zote mbili hadi katikati ya sneya lazima ulingane. Usikadirie kwa macho. Mmoja abane ncha ya uzi katikati ya sneya, mwingine auvute hadi kwenye kichwa cha maiki ya juu na kupiga fundo, kisha uzi huohuo upimie ile ya ubavuni. Zikipishana sentimita 5 tu, mawimbi ya sneya yanaanza kufutana karibu na 3,400 Hz, na mlio wa kijiti uko maeneo hayohayo. Zikipishana 34, shimo linashuka hadi karibu 500 Hz, sneya inabaki bila mwili. Debe lako nalishuku hapo.

Besi_Nzito
Naongezea. Kiki ikiwa na tundu mbele, ingiza maiki ndani hadi sentimita 10 au 15 kutoka ngozi inayopigwa ukitaka mlio wa nyundo. Irudishe tunduni ukitaka uzito. SM57 ikae sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo wa sneya, ielekee katikati, na mgongo wake uipe haihati, yale matoazi pacha ya kukanyagwa. Maiki hiyo haisikii vizuri kwa nyuma, kwa hiyo haihati haitavamia sana.

Kisha sikiliza kwa mono, yaani maiki zote zichanganywe kwenye spika moja. Cheza kondensa mbili, ongeza kiki, bonyeza kitufe cha kugeuza polariti (kinachopindua wimbi la sauti juu chini) kwenye chaneli ya kiki. Linganisha kikiwa kimebonyezwa na kisipobonyezwa; penye besi nyingi ndipo pako. Rudia kwa sneya. Ukiruka hatua hii utakesha na ikwalaiza (kirekebishi cha besi na ukali) bure, maana besi iliyofutwa hairudishwi kwa kuongeza besi.

MpimaNgozi
Mnakimbilia maiki, dramu yenyewe je? Kaza ngozi kwa msalaba, bolti moja kisha ya mkabala wake, hadi mlio ulingane kando ya kila bolti. Pedali inayolia itiwe mafuta. Zulia chini ya seti, na blanketi nzito zining'inizwe juu ya kondensa, kwa sababu bati linarudisha sauti kali kwenye maiki hizohizo. Mvua ikianza, acheni tu.

FundiMitambo
Kweli kabisa. Na geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inayoingia: rekodi kwa biti 24, kilele kisipite -10 dBFS (kipimo cha kidijitali ambacho 0 ndio kikomo, sauti ikipita hapo inapasuka). Wapiga dramu hupiga kwa adabu wakati wa kupima, wimbo ukianza mkono unapanda. Kilichopasuka hakishoneki.

Sauti_ya_Ukumbini
Asanteni sana. Uzi umefanya kazi, sneya imerudi. Sasa matoazi yanazimeza tomu.

Besi_Nzito
Hilo ni la mpigaji kwanza, si la ikwalaiza. Ukipunguza ukali wa matoazi unaondoa na ukali wa sneya. Apige matoazi kwa upole na tomu kwa nguvu, au mbadilishieni vijiti vyepesi. Bado yakizidi, isogeze kondensa ya juu kidogo kuelekea tomu za juu, ila fundo la zamani halifai tena: pima upya zote mbili.