Mui Ne mwezi wa kwanza: asiyecheza na upepo atafanya nini?

Mwalimu_Saigon
Wakuu habari zenu. Nafundisha hapa Ho Chi Minh (Saigon), Vietnam. Mume wangu anakuja Januari, naye ni mtu wa Paje, Zanzibar, akili yote iko kwenye kaiti (tiara la kumvuta mtu juu ya maji) na ubao wa tanga. Anataka tukakae Mui Ne, kule pwani. Mimi hata kuogelea ni kwa kubahatisha. Nataka kulala, kula samaki, kusoma. Sitachoka huko? Na wavuvi wenyewe wako wapi, maana picha zote naona mahoteli tu.

Kaskazi_Njema
Dada, mumeo kachagua vizuri. Upepo wao ni ndugu wa kaskazi yetu, unashika Novemba mpaka Machi hivi. Ila hauamki mapema. Asubuhi bahari shwari, saa tano unaanza kuvuma, alasiri maji yamejaa matanga na kaiti. Basi chukua asubuhi, mchana mwachie yeye. Ukiingia kuoga saa tisa, mawimbi yatakupiga na kamba za watu zitakupitia juu ya kichwa.

Mahoteli yamejipanga kwenye barabara ya Nguyen Dinh Chieu, pale Ham Tien. Kijiji cha wavuvi kiko mbele zaidi, mwisho wa ghuba upande wa mashariki. Nenda alfajiri. Mashua zinatia nanga mbali kidogo, samaki wanaletwa ufukweni kwa vyombo vya duara kama ungo mkubwa. Zamani vyote mianzi ya kusuka iliyozibwa kwa utomvu, siku hizi vingi plastiki. Mtu anasimama ndani na kasia moja, analichezesha mbele yake kulia na kushoto, na chombo kinakwenda sawasawa! Mimi ni mtoto wa ngalawa, lakini pale nilikaa kimya. Ufukweni kina mama wamechuchumaa wanachambua, ngisi huku, kaa kule, bei inatajwa kwa vidole.

Jioni tafuta vibanda vya kando ya ukuta wa bahari. Unachagua mwenyewe kwenye matangi, wanapima kwa kilo, wanachoma. Kombe za mafuta ya vitunguu majani na karanga usiziache. Bei uliza kabla hazijafika kwenye mkaa.

Binti_Pangani
Mbona humwambii harufu? Kule Phan Thiet, mji wa jirani, kuna mapipa ya dagaa na chumvi yanakaa karibu mwaka mzima mpaka yatoe nuoc mam, mchuzi wao wa samaki. Upepo ukigeuka, utajua tu.

Kaskazi_Njema
Aliyekulia Pangani analalamikia dagaa?

Binti_Pangani
Silalamiki, namwandaa mwenzangu 😂 Dada, ukiwa Phan Thiet ingia hekalu la Van Thuy Tu. Wavuvi wa huko wanamheshimu nyangumi, akifa anazikwa kwa heshima. Mle ndani kuna mifupa ya mmoja, urefu unapita mita 20.

Mwalimu_Saigon
Asanteni. Hapo kwa nyangumi mmenipata. Usafiri je? Na chumba?

Kaskazi_Njema
Ni kama kilomita 200. Treni inaishia Phan Thiet, halafu unachukua teksi. Basi nalo siku hizi linawahi, tangu barabara ya kasi ifunguliwe 2023. Chumba: bahari imekula ufuo sehemu nyingi za Ham Tien, mbele ya hoteli unakuta ukuta wa saruji tu. Waambie wakutumie picha ya mchanga ya wiki hii, wakati maji yamejaa. Na msigongane na Tet, sikukuu yao ya mwaka mpya, Saigon nzima itakuwa huko na bei juu.