Mama ametolewa rovu, sasa vidole vinakakamaa. Naombeni ushauri wa haraka

Binti_wa_Nyanda
Habari za jioni wakuu, na shikamooni mnaostahili. Ni kuhusu mama yangu, ana miaka 58. Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni, amekaa nalo tangu nikiwa darasa la tatu, na huku kwetu Nyanda za Juu si ajabu, bibi naye alikuwa nalo. Mwaka huu likaanza kumbana, akilala chali anakoroma kama anakabwa. Siku 12 zilizopita akafanyiwa upasuaji kwenye hospitali moja ya rufaa, thairoidi yote ikatolewa. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa yakaja mazuri, hakuna saratani. Akaruhusiwa siku ya pili na vidonge vya thairoksini, homoni ya kuziba pengo la thairoidi.

Kesho yake akaanza kulalamika ganzi kuzunguka midomo, na ncha za vidole kama sisimizi wanatembea. Tukasema dawa ya usingizi haijamwisha mwilini. Juzi anamenya viazi, kisu kikamdondoka. Vidole vimenyooka na kubanana, gumba limeingia ndani ya kiganja, kama mtu anayechota chumvi. Dakika tano nzima hakuweza kuvifungua. Alilia, na mama yangu si mtu wa kulia.

Jana zahanati wakampima presha. Mkanda ulipojaa upepo mkono ukajikunja vilevile. Nesi anamwambia "mama, legeza mkono", naye anajitahidi kulegeza hawezi. Presha ikaonekana iko sawa, tukapewa dawa ya maumivu na vitamini B. Baba mkubwa anasema ni mapepo, Jumapili apelekwe kwenye maombi. Nifanyeje?

Mzee_Kahawa
Pole sana mwanangu. Hiyo ni mishipa imeguswa wakati wa kupasua. Mpe maziwa na dagaa kwa wingi, mkande na maji ya moto, itaachia yenyewe.

Tabibu_wa_Kata
Shikamoo mzee, lakini hapa naomba nikupinge, maana muda unakwenda. Dagaa na maziwa ni vizuri ila havitoshi kwa hali hii.

Dada, nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Zinaitwa parathairoidi. Zinakaa jirani na thairoidi lakini kazi zake ni tofauti na za thairoidi. Zinatoa homoni ya PTH inayolinda kalsiamu ya kwenye damu: ikishuka, homoni hiyo inaichota kwenye mifupa, inaizuia figo isiimwage kwenye mkojo, na inaifanya figo iiamshe vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu ya chakula. Sasa kwenye rovu kubwa tezi hizi huwa zimegandamizwa na zinafanana na mafuta. Hata daktari makini anaweza kuzitoa, au kukata kimshipa kinachozilisha damu.

Kalsiamu ikipungua, mishipa ya fahamu inakuwa na kiherehere, inaamsha misuli bila kutumwa. Hicho kilichotokea kwenye kipimo cha presha ndicho kilichonishtua. Daktari Mfaransa Armand Trousseau aliieleza dalili hiyo karne ya 19: ukibana mkono kwa dakika chache, vidole vinakaa hivyo ulivyosema. Madaktari wanauita mkono wa mkunga.

Usingoje Jumapili, nenda usiku huu. Kalsiamu ikizidi kushuka huleta degedege, koo kubana hadi pumzi inakwama, na mapigo ya moyo kuvurugika. Ukifika sema neno kwa neno: "ametolewa thairoidi, ana ganzi midomoni, vidole vinakakamaa." Waombe wapime kalsiamu pamoja na albumini, magnesiamu, fosfeti na PTH, na wapime umeme wa moyo. Magnesiamu msiisahau. Ikiwa chini, kalsiamu haipandi hata ukinywa vidonge kopo zima.

Kovu_Shingoni
Mdogo wangu, mimi ni mwaka wa sita sasa na hali hiyo hiyo. Na ni mtu wa maombi pia: siku yangu tuliomba tukiwa ndani ya bajaji, njiani kwenda hospitali. Mwambie baba mkubwa hivyo, kwa heshima.

Binti_wa_Nyanda
Narudi na majibu, wakuu. Kalsiamu ilikuwa 1.68, na maabara yao inataka 2.1 hadi 2.6. Sampuli ya PTH imepelekwa Dar, bado. Walimwekea kalsiamu ya dripu polepole huku waya za mashine ya moyo ziko kifuani. Midomo ndiyo ilianza kuacha ganzi, halafu vidole. Leo amemsuka mjukuu wake. Amepewa kalsiamu kaboneti na alfakalsidoli, aina ya vitamini D. Je, ni za maisha? Na kwa nini wasimpe vitamini D ya kawaida?

Tabibu_wa_Kata
Mungu ni mwema. Vitamini D ya kawaida lazima iamshwe na figo, na figo inasubiri amri ya PTH. Alfakalsidoli haisubiri amri hiyo. Kuhusu maisha, ni mapema kusema. Wengi tezi zao huamka ndani ya wiki au miezi. Ikipita miezi 6 hadi 12 bado, hapo ndipo tunaita ya kudumu.

Kovu_Shingoni
Thairoksini saa 12 asubuhi tumbo likiwa tupu. Kalsiamu isianze kabla ya saa 4, na aile pamoja na chakula. Zikikutana tumboni thairoksini haifyonzwi vizuri, nilihangaika mwaka mzima kabla ya kuelezwa. Kama anatumia omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, amwambie daktari, maana kaboneti inahitaji asidi ya tumbo. Na asiongeze vidonge kwa kujisikia tu. Bila PTH figo inamwaga kalsiamu kwenye mkojo, mimi nilipata kijiwe cha figo kwa kutaka namba iwe juu. Wanatakiwa kuishikilia upande wa chini wa kawaida, au pungufu kidogo, mradi ganzi haipo. Wiki hii arudie kipimo, na PTH ikitoka Dar uiweke hapa tuione.