Mama analala mu jiko ya koko wetu kule Kalehe, famiye inasema atoke. Nyinyi mungefanya nini?

Mwana wa Ziwa (Bukavu)
Jambo ba ndugu na ba dada. Miko Bukavu lakini kwetu ni Kalehe, pembeni ya Nyamukubi. Wiki iliyopita nilipanda boti niende kuangalia parseli ya koko, ye alikufaka kitambo, nyumba ilianguka, kulibakia jiko ya udongo tu na manjanja ya kutu. Nikakuta mama moja mule na watoto wanne, moto inawaka, na nyuma ameshalima mistari ya maharagi. Nyumba yake ilibebwa na maji ile tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko, bwana yake naye akaenda na maji. Tangu hapo ni kulala huku na huku, kwanza ku masomo, kisha ku kanisa, kisha kwa shemeji mpaka shemeji akachoka. Anaendaka kulima kwa watu, wanamulipa mihogo.

Nimerudi nimeeleza famiye, ba tonton wanasema atoke mbio, akikaa myaka mbili atasema ni kwake. Na shefu wa pale nilipomuuliza akaniambia "huyu si mtu wa kukosa nyumba, si analala ndani ya nyumba?" Nikakosa la kujibu. Mungefanya nini?

Muzee wa Kabare
Mwanangu, ba tonton wako hawana roho mbaya, wanaogopa. Kwetu Bushi, na huko kwenu vilevile, kuko kalinzi na kuko bwasa, na watu wanaumizana kwa kuchanganya hizo mbili. Kalinzi ni kusema umetoa ngombe kwa mukubwa wa udongo, umepata, watoto wako watabaki nayo. Bwasa ni kukopa shamba kwa muda, unatoa kitu kidogo ao unamulimia mwenyewe siku kadhaa, unapanda maharagi, unapanda mihogo, lakini mugomba hapana, kahawa hapana, juu mwenye amepanda mugomba ameshapanda miguu. Sasa muite majirani wawili wazee, museme mbele yao hii ni bwasa. Na atoe kitu, hata kuku moja juu ya kuazima ile fasi. Kitu ya bure njo inaletaka matata.

Kijana wa Panzi
Mimi nitasema yenye hamutapenda. Kwetu Walungu baba alimuachia mtu fasi hivyo hivyo, kwa kinywa, na majirani walikuwa pale muzee. Tulipotaka kuuza akasema ni kwake, kesi ilimaliza myaka mine, ngombe mbili zikaisha kwa avoka, na wale majirani mashahidi moja alikuwa ameshakufa na mwingine ameshasahau. Huyo mama mumusaidie na chakula, mumusaidie na manguo, lakini alale kwingine.

Mama wa Ndosho (Goma)
Kwingine wapi? Ungesema jina ya hiyo fasi tungekuelewa.

Mie nyumba yangu ni ya mbao, vyumba viwili juu ya majiwe ya volkano. Nyiragongo ilipotoka 2021 nilipokea famiye ya Buhene, tulikuwa watu kumi na moja, na mujue kitu inavunjaka mapendo si kitanda, ni choo na chumvi. Siongopi. Lakini nataka kuongea juu ya ile neno ya shefu, inaniuma. Kambini ulikuwa na jeto ya kupokelea musaada na shitingi ya kufunika kibanda, watu wa misaada walikuona hata kama hawakukupa kitu. Mwaka 2025 kambi za huku, Bulengo, Lushagala, zilipobomolewa, watu wakaambiwa warudi kwao, na wengine walifika kwao wakakuta ukuta tu, milango imebebwa, shamba inalimwa na mwingine. Wakaingia mu majiko ya watu kama huyo mama. Kuanzia pale hakuna mwenye kuwahesabu, ni kusema "wamepokelewa". Kijijini hutamuona mtu amelala barabarani, ni aibu, kutakosaka aje mwenye kumupa kona ya kulala na mbuzi, na njo maana kila mtu anasema kwetu watu wa kukosa nyumba hawako.

Muzee wa Kabare
Kijana wa Panzi, pole ya hizo ngombe. Lakini ungeandika. Na karatasi yenyewe, sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo yote ni ya Serikali, nani kati yetu iko na sertifika ya shamba ya koko yake?

Kijana wa Panzi
Muzee hapo umenipata. Basi waandike, lakini mama apande maharagi tu, asiguse mugomba.

Mwana wa Ziwa (Bukavu)
Mersi kwenu bote. Jana nilimupata mama ku simu ya jirani, nikamuuliza wazi kama anataka parseli. Akacheka. Anasema parseli ya kufanya nini, yake iko, ila juu yake kuko majiwe makubwa kama kamio, hata ukuta iko upande gani hajui tena. Yeye anataka mlango, juu usiku anaegemesha mbao na mtoto mukubwa analala nyuma yake aizuie.

Tonton mukubwa amekubali bwasa, kuku moja, mashahidi tatu. Kuhusu mlango tumebishana mpaka saa nne ya usiku. Siku ya posho, samedi, ninapanda boti na ule mlango. Tonton amesema niupeleke, lakini nisipige misumari, niufunge na kamba.