Prague: maduka ya kubadilishia hela ni wizi wa mchana kweupe, na nimechoka kuambiwa "mngesoma" kila mgeni akilalamika kapunjwa

Wakuu habari zenu. Nina hasira na nitaandika hivihivi nilivyo, mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "safari za Ulaya kwa bei poa" maana hapa sisifii kitu.

Shangazi yangu kaja kututembelea huku Leipzig, Ujerumani. Ni mtu mzima, Tanga pale ana duka la khanga na vitenge toka mimi niko shule ya msingi, hela anaijua kuliko wengi humu. Akasema anataka kuuona mji wa kale wenye yale majumba ya kwenye picha, tukapanda treni, unapita Dresden halafu reli inaufuata mto Elbe mpaka unaingia Czech, ambako Prague ndo mji mkuu. Na mji wenyewe ni mzuri, sitaki mtu aje kuniambia nauponda mji. Daraja la Charles lilianza kujengwa 1357 na watu wanatembea juu yake mpaka leo. Ile saa ya kwenye ukuta wa jumba la mji wa kale ni ya 1410, ikifika saa kamili kiunzi cha mifupa kinavuta kengele, mitume wanapita madirishani, mwisho jogoo anawika. Shangazi aliitazama halafu akataka tusubiri saa nzima aione tena, tukasubiri. Ndo maana nina hasira kubwa hivi, kwamba mahali pazuri namna ile pamezungukwa na watu wanaowinda wageni.

Sasa tuje kwenye hela. Czech wameingia Umoja wa Ulaya 2004 lakini euro hawatumii, wanatumia koruna, kwa hiyo mgeni mwenye euro mkononi anatafuta pa kubadilisha na hapo ndo wanapokulia. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya tiketi za kupanda mnara wa saa, shangazi akaona duka limeandika nje kwa maandishi makubwa 0% KAMISHENI, akaingia na euro 200 akatoka na koruna 3,200. Euro moja siku hiyo ilikuwa kama koruna 25, yaani alitakiwa apate karibu 5,000. Wamechukua zaidi ya theluthi ya hela yake, zaidi ya euro 70, halafu mlangoni wameandika sifuri! Kamisheni kweli hawachaji, hawana haja nayo, maana wameshajilipa kwenye reti, na reti yenyewe iko kwenye karatasi huko pembeni ambayo mtu hawezi kuiona mpaka ashafika dirishani na noti mkononi.

Toka 2019 kuna sheria pale, na hii naomba mtu yeyote mwenye ndugu anayekwenda Prague aishike: ukibadilisha hela kiasi kisichozidi thamani ya euro 1,000 una masaa 3 ya kurudi na kufuta muamala, hutakiwi kueleza sababu, unarudisha koruna unapewa hela yako ileile. Risiti usiitupe. Mimi hiyo sheria naijua, nikamshika shangazi mkono tukarudi hata nusu saa haijapita. Yule kijana wa dirishani kwanza akasema mteja kashasaini basi. Nikamtajia sheria, ghafla Kiingereza hakijui, wakati muda mfupi tu uliopita kachukua euro za shangazi akiongea Kiingereza safi kabisa! Mwisho akashusha pazia la dirisha. Tukasimama palepale, kila mteja anayekuja nikawa namwambia asibadilishe, nikatoa simu nikaanza kuongea na polisi kwa sauti, ndo pazia likapanda. Euro zetu alizirusha kwenye ule mfereji wa dirisha kama anamtupia mtu asiye na heshima. Shangazi hakusema neno, akaziokota akazihesabu noti moja moja mbele ya macho yake, taratibu, kisha akamrudishia koruna zake nazo zimepangwa.

Hela imerudi, sawa, lakini nauliza, yule mama wa watu asiye na mpwa anayeijua sheria anafanyaje? Masaa 3 mtu bado yuko kwenye daraja anapiga picha, anakuja kugundua usiku hotelini akipiga hesabu, dirisha limefungwa na muda umeisha. Kwa nini mzigo wote abebeshwe mgeni? Reti wanajipangia wenyewe, leseni wanayo, duka liko katikati ya mji hatua chache kutoka kwenye saa ambayo kila mtalii duniani anakuja kuiona, na kila siku wanafungua.

Na kuna wengine wanakufuata barabarani, jamaa anakuja na bunda anakuambia reti yake nzuri kuliko ya dukani. Hao kimbia kabisa, watu wameshapewa noti za Belarus na forinti za Hungary wakidhani ni koruna.

Kwenye chakula ni mchezo uleule. Pale uwanja wa mji wa kale wanachoma mapaja ya nguruwe kwenye moto wa kuni, sisi hatuli ila nilisimama nikaangalia. Bei iliyoandikwa ni ya gramu 100, hilo la gramu herufi zake ndogo, muuzaji anakata pande kubwa bila kuuliza, anapima, bei inakuja mara tatu au nne na nyama ishawekwa kwenye sahani, mtu anaona aibu kukataa mbele ya foleni. Hiyo aibu ya mteja ndo mtaji wao. Kwenye mgahawa tukaletewa kikapu cha mkate hatujaagiza, kwenye bili kimo.

Halafu nyie ndugu zetu wa video, acheni kutangaza ule mkate wa kuzungusha kwenye mti, trdelník, eti "chakula cha jadi cha Prague". Jadi ya wapi? Wenye jina lililosajiliwa Ulaya ni watu wa Skalica, Slovakia, na Transylvania kule Romania wana wa kwao wa namna hiyohiyo, Prague umejaa miaka ya karibuni kwa ajili ya watalii, na kujaziwa aiskrimu ndo kabisa. Mtu anaangalia video yako anakwenda kulipa bei ya mlo mzima kwa mkate wenye sukari.

Mkitaka kula kama watu, pandeni tramu muende mitaa ya Žižkov au Holešovice mchana, migahawa ya mtaani ina menyu ya mchana wanaita polední menu, ndo wanayokula wafanyakazi wa pale. Shangazi alikula jibini la kukaanga na viazi, smažený sýr, akashiba na bei tukaona ya kibinadamu, na yule mama aliyetuhudumia Kiingereza hakuwa nacho kweli lakini alituelekeza vizuri sana kwa vidole. Kwa hiyo msije kuniambia Wacheki wabaya, sijasema hivyo.

Kwenye zawadi usinunue wale wanasesere wa mbao wanaoingiliana, ni wa Kirusi, hawana uhusiano na Prague. Kito cha kweli cha pale ni garneti nyekundu iliyokolea, shangazi alitaka hereni, tukazunguka maduka, kila tukiomba cheti tunaonyeshwa kikaratasi hakina hata jina la fundi. Zinazotengenezwa mji wa Turnov, hukohuko Czech, zinakuja na cheti, asiyekupa cheti achana naye.

Hela toeni kwenye ATM ya benki yenyewe, siyo vile vimashine vya rangi kali vilivyopachikwa kila kona, na mashine ikikuuliza ikubadilishie kwa reti yake kataa, chagua koruna.

Risiti ya shangazi nimeipiga picha na malalamiko nimeshayatuma Benki Kuu ya Czech, maana ndo wanaosimamia hayo maduka. Wakijibu nitaweka hapa. Aliyepigwa naye pale Prague aandike mtaa na reti aliyopewa, na wale wa "mngesoma" naombeni mtupishe.